Joviana, mpika kahawa anayeipa sufuria mgongo

Jua limekwisha kupanda juu ya migomba ya Kamachumu, wilayani Muleba, na Joviana Kokuhirwa anapika kahawa akiwa ameipa mgongo.

Amekaa kwenye kigoda, uso ameuelekeza barabarani. Nyuma yake, juu ya mafiga, sufuria kubwa inatokota. Mkono wake wa kulia umepinda kwenda nyuma na kushika mwiko mrefu, kama mtu anayejikuna mahali pasipofikika.

"Unakoroga ukingo wa sufuria," anasema Ma Celina, mama mkwe wake, aliyekaa mkekani upande wa pili wa moto. "Kahawa iko kushoto."

"Kushoto kwangu au kwako, mae?"

"Kushoto kwa kahawa."

Joviana anasogeza mwiko. Upepo unageuka, mvuke unamfuata, naye anainuka. Hainuki ghafla. Anaegemeza viganja magotini, anatulia kidogo kana kwamba anasali, ndipo anaposimama, anabeba kigoda chake na kuhamia upande mwingine. Anakaa tena. Mgongo kwa sufuria, uso kwa wapita njia.

"Mimi ndiye bendera ya hapa," anasema. "Ukitaka kujua upepo unatoka wapi, angalia nimekaa wapi."

Kahawa anayoipika si ya kunywa. Ni buni zinazochumwa zikiwa bado za kijani, karibu kuiva. Huchemshwa kwa mchaichai na majani mengine ambayo Joviana hayataji hata ukimbembeleza, kisha huanikwa juani hadi zikauke, zikafungwa katika ganda kavu la mgomba. Hutafunwa. Wahaya huiita akamwani, na katika nyumba nyingi za Bukoba na Muleba mgeni huipokea kiganjani hata kabla hajaulizwa habari za alikotoka.

Joviana, mwenye miaka arobaini na minne, mnene wa sauti na mwembamba wa mwili, ameipika tangu alipoolewa katika kibanja hiki. Alifundishwa na huyohuyo anayemsahihisha leo.

Sababu ya kuipa mgongo kazi iliyomlisha na kumsomeshea binti yake, Joanitha, ni kwamba yuko katika mwezi wa mwisho wa matibabu ya kifua kikuu, na harufu ya mvuke huo ikimkamata sawasawa, anatapika.

Kuna wakati alikaribia kuacha kimoja kati ya viwili: dawa au maisha. Wakati huo, anasema mwenyewe, alidhani anaachana na dawa tu.

Ilianza na uvimbe shingoni, chini kidogo ya taya. Haukuuma. Ma Celina alisema ni jino. Mumewe, Avit Rugambwa, mkulima wa kahawa na migomba, alisema ni baridi. Jirani mmoja akasema ni jicho baya la mtu, akataja na jina la mtu huyo, ikawa ugomvi wa wiki nzima kijijini.

Uvimbe wenyewe haukujali mjadala. Uliendelea kukua, Joviana akaendelea kupungua, hadi alipopelekwa hospitali, ukatolewa majimaji na kupimwa. Ilikuwa kifua kikuu cha tezi.

"Nilimwambia daktari, kifua changu ni kizima, sijakohoa hata siku moja," anasimulia. "Akaniambia, mama, hiki hakikukaa kifuani, kimekaa shingoni. Nikamuuliza, sasa mbona kinaitwa kifua? Akacheka, akaniandikia dawa."

Dawa zilikuwa za miezi sita, bila malipo, za kuchukuliwa katika kituo cha afya. Alielezwa kwamba ugonjwa wake wa tezi hauambukizi watu kwa kuongea nao wala kula nao, kwamba mkojo utabadilika rangi na asishtuke, na kwamba anaweza kupata kichefuchefu. Alielezwa pia kwamba macho yakiwa ya njano au kutapika kukizidi, arudi mara moja.

Avit ndiye aliyechaguliwa kuwa msimamizi wake. Kila asubuhi alikaa mbele ya mkewe na kikombe cha maji, akahakikisha vidonge vimeingia.

Kichefuchefu hakikuchelewa. Kikaja na kizunguzungu juu yake. Akiinama kwenye mkeka kugeuza buni, mkeka ulionekana kumjia usoni. Siku moja alikutwa shambani amekumbatia mgomba, macho ameyafumba.

"Nikamuuliza, Mama Joanitha, unafanya nini na mgomba wangu?" anasema Avit. "Akanijibu, nausaidia usianguke."

Anacheka sasa. Siku hiyo hakucheka. Alimbeba hadi ndani, akashtuka kuona jinsi alivyokuwa mwepesi.

Hamu ya kula ndiyo iliyoondoka kabisa. Avit, ambaye kabla ya hapo alijua kupika chai na kuchoma mahindi tu, alijitosa jikoni. Alitafuta dagaa, akawakaanga kwa vitunguu vingi ili mkewe avutwe na harufu. Joviana alitoka nyumbani kwa mlango wa nyuma na kukaa kwenye migomba mpaka jioni.

"Nilidhani nampikia," anasema Avit. "Kumbe nilikuwa namfukuza kwake."

Kisha wakaja majirani. Katika kijiji hiki mtu mzima hamtembelei mgonjwa mikono mitupu. Waliingia mmoja mmoja na vifurushi vya majani ya mgomba vyenye ebitoke, yaani ndizi za kupikwa, na maharage, vya moto, vimejaa, wakakaa kwenye nyasi zilizotandikwa sebuleni, wakamtazama mdomoni.

"Ukikataa chakula cha mtu hapa kwetu, umemkataa yeye," anasema Joviana. "Basi nilikuwa nasema kwa adabu, waitu, asante, nitakila jioni. Jioni nampelekea mbuzi. Mbuzi wetu alipendeza siku hizo, watu wakaanza kumuulizia bei."

Kilichobaki mdomoni mwake kilikuwa kimoja tu. Akamwani.

Aliamka nayo. Aliweka nyingine kwenye mfuko wa gauni. Alitafuna akichambua buni, alitafuna akianika, alitafuna akiwa amelala ubavu. Ilimkausha mate yaliyomjaa mdomoni, na kwa muda mfupi ilimpa nguvu ya kusimama. Isitoshe, alikuwa mpishi: kila sufuria ilipaswa kuonjwa, na kuonja kwa mpishi hakuna mwisho.

Kila alipokwenda kituoni kuchukua dawa, muuguzi Annastella Kahangwa alimuuliza, "Unakula nini, mama?"

"Sili kitu, sista."

Na ilikuwa kweli kama anavyoielewa kweli Mhaya yeyote.

Annastella alimshauri uji, akamshauri matunda, akamshauri asikate tamaa. Joviana alirudi nyumbani na mfuko wa dawa, akaweka punje shavuni, akatapika.

Hatimaye alichoka. Hakumwambia mtu. Kila asubuhi alipokea vidonge kutoka kwa mumewe, akanywa maji yote, akafungua mdomo akaguliwe, kisha akaenda nyuma ya nyumba na kuvitema.

Avit anasema hadi leo haelewi alikuwa akiangalia nini.

"Hakuna kosa lake," mkewe anamtetea. "Mtu aliyetafuna akamwani miaka ishirini anaweza kuficha kitu shavuni akaongea na askofu."

Alitegemea kwamba baada ya siku mbili tatu atakuwa mtu mzima tena. Wiki ikapita. Kichefuchefu kilikuwa palepale. Mikono ilitetemeka, moyo ulimwenda mbio akiwa amelala, usingizi hakuna, na ardhi iliendelea kuzunguka.

"Ndipo nilipoogopa kweli," anasema, na kwa mara ya kwanza asubuhi hii sauti yake inashuka. "Nikasema, kumbe dawa nilikuwa nazisingizia tu. Ni mimi ninayeondoka. Nikaona si vizuri kuondoka bila kumuaga yule binti wa kituoni. Alikuwa amenihangaikia."

Akachukua kifungu kimoja cha kahawa yake bora, akaenda kituoni.

Annastella anaikumbuka asubuhi hiyo vizuri. Haikuwa siku ya Joviana ya kliniki.

"Karibu mama. Leo si siku yako."

"Nimekuja kukuaga, sista."

"Unasafiri?"

"Sisafiri. Naziaga dawa."

Joviana alifungua kifungu, akachukua punje ya kwanza mwenyewe, akaiweka mdomoni. Ndivyo inavyofanywa: anayetoa kahawa hutangulia kuitafuna mbele ya anayepewa, ili moyo wa mgeni utulie. Kisha akanyoosha mkono. Annastella, ambaye ni mzaliwa wa Kitendaguro, Bukoba mjini, alichukua yake bila hata kufikiri, akaitia shavuni, akavuta kiti.

"Umeziacha lini?"

"Wiki iliyopita. Na bado natapika."

"Wiki nzima umekula nini?"

"Sijala. Kipande cha ndizi, nacho kilirudi."

"Sasa nguvu ya kutembea mpaka hapa umeitoa wapi?"

Joviana akainua kifungu. "Hizi ndizo zinazonishika."

"Unatafuna ngapi kwa siku?"

"Sista, nani anahesabu akamwani?"

Annastella akaacha kutafuna.

"Nilibaki na ile punje mdomoni, sijui niiteme au niimeze," anasema muuguzi huyo. "Kila mwezi nilimuuliza anakula nini, na kila mwezi alinijibu ukweli. Na mimi ni Mhaya. Ukiniuliza leo nimekula nini, nitakutajia chai, nitakutajia ndizi. Akamwani sitaitaja. Ni kama nikutajie hewa niliyovuta."

Alimwita daktari. Joviana alichukuliwa damu ili kuangalia kama ini limeathirika, kwa sababu kutapika kwa mtu aliye kwenye dawa hizo hakuchukuliwi kirahisi. Majibu yalipokuja yalikuwa mazuri.

Maelezo aliyopewa, kama anavyoyasimulia Annastella, yalikuwa hivi: dawa zilimletea kichefuchefu chake, hilo hakuna anayelikataa. Lakini kahawa, tena kwa wingi ule, tena katika tumbo tupu, ilimwongezea kingine juu yake. Ilimchafua tumbo, ikamtetemesha, ikampandisha mapigo ya moyo, ikamnyima usingizi na kumdanganya kwamba hana njaa. Kwa kuwa hakula, dawa ya kesho ilimkuta dhaifu zaidi. Kwa kuwa alikuwa dhaifu, alitafuna zaidi.

Kisha daktari akamweleza habari ya kuacha dawa katikati: kwamba ugonjwa ukirudi unaweza kurudi ukiwa sugu, unaohitaji dawa nyingine za muda mrefu na kali kuliko hizi.

"Kali kuliko hizi?" Joviana alimuuliza.

"Kali kuliko hizi."

"Basi nipe hizi."

Siku alizotema dawa ziliongezwa mwishoni mwa matibabu. Na akamwani ikakatazwa mpaka atakapomaliza.

Ungemwambia aache kuvuta pumzi angebishana kidogo zaidi. Siku za kwanza bila kahawa, kichwa kilimuuma kana kwamba mtu anapasulia kuni humo ndani. Annastella alikuwa amemwonya kwamba kitauma na kitaacha. Hakumwamini. Alilala na kitambaa machoni, akamlaani muuguzi, akamlaani daktari, akamlaani Avit aliyekuwa ameketi pembeni bila kosa lolote.

"Nilimwambia, nilaani tu," anasema Avit. "Anayelaani ana nguvu."

Kichwa kikaacha. Njaa ikaja baadaye, anasema Joviana, kama mgeni asiye na uhakika na nyumba, anachungulia na kuondoka.

Hapo ndipo kazi ilipoanza, nayo haikuwa ya siku moja. Kwa ushauri wa Annastella, sahani iliondolewa na mahali pake pakawekwa kisosi. Sahani ilimtisha. Kisosi hakimtishi mtu. Alikula kidogo, mara nyingi, kabla njaa haijafika mahali pa kumchafua. Uji wa ulezi ulipoa kwanza ndipo akaunywa, kwa sababu kilichopoa hakina harufu nyingi. Ndizi mbivu, yai lililochemshwa, viazi vitamu vilivyolala tangu jana. Maji aliyanywa kwa mafunda madogo kutwa nzima. Dawa alizimeza baada ya uji kidogo, kwa saa aliyoelekezwa kituoni, akiwa amekaa, na hakulala chali baada yake.

Avit alihamishia jiko lake la kukaanga mwisho kabisa wa kibanja. Ukimkuta huko na sufuria zake utadhani amefukuzwa.

Kuamka nako kulikuwa na utaratibu. "Kwanza naamka macho," anasema Joviana. "Kisha naamka kiuno, nakaa ukingoni mwa kitanda. Mimi mwenyewe nafuata baadaye."

Na majirani? Hao walishughulikiwa na Ma Celina. Alikaa mlangoni na mkongojo wake, akapokea vifurushi.

"Aliyeleta chakula aache, aende," alikuwa akiwaambia. "Mdomo wa mkwe wangu si sinema."

Wengine walinuna. Lakini chakula kikaliwa, kidogokidogo, kikiwa baridi, bila shahidi.

Joviana alianza kushika mwiko tena. Kutazama sufuria hakuweza, ndipo akabuni hiki kikao chake cha mgongo, na ganda la limao mkononi la kunusa upepo ukimsaliti. Kuonja ilimlazimu amwachie mwingine, na mwingine huyo ni mtu asiyeridhika.

Ma Celina ana meno machache kuliko vidole vya mkono mmoja. Hatafuni, huiweka punje kati ya ufizi na shavu, akafumba macho, akasubiri. Watu wote husubiri naye.

"Hii ni ya watoto wa shule," huamua. "Ongeza majani."

"Nimeongeza, mae."

"Ulimwongezea nani?"

Tatizo ambalo hakuna aliyelifikiria lilitokea Bukoba mjini. Kwa miaka mingi vifungu vya Joviana vimeuzwa na Hafidha, mama mwenye meza karibu na stendi ya mabasi. Joviana hupeleka mzigo mwenyewe, na wateja wa siku nyingi humkuta hapo, wakaongea, akawafungulia kifungu, akatangulia punje ya kwanza, wakanunua.

Aliporudi baada ya kuugua, alifungua kifungu, akanyoosha mkono, lakini yeye mwenyewe hakutia punje mdomoni.

Mteja wa kwanza alisitasita. Wa pili akauliza, "Mbona wewe hutafuni?" Wa tatu hakuuliza; aliirudisha punje mezani taratibu.

"Sikumtupia mtu lawama," anasema Hafidha. "Hata mimi, na dini yangu, na urafiki wetu, nilishtuka kidogo. Mpika kahawa haigusi kahawa yake? Nikamvuta pembeni. Nikamwambia, Mama Joanitha, tafuna moja tu, uteme ukifika nyuma. Watu watulie."

Ushauri huo ulikuwa mwepesi, na kutema kulikuwa ufundi wake. Angeweza. Hafidha anasema alimwona akiitazama ile punje muda mrefu.

"Akaniambia, hapana. Nikianza na moja ya watu, nitamalizia na ishirini zangu. Bado nina miezi ya kumeza."

Uvumi ukatangulia mbele yake. Kuna waliosema ameweka kitu ndani. Kuna waliosikia neno kifua kikuu na kuogopa hata ganda la mgomba lililofungia kahawa. Joviana aliwaeleza waziwazi, mmoja mmoja, akionesha shingo yake: ugonjwa umekaa hapa, uko kwenye dawa, hauruki kuingia kwenye kahawa. Wengine walielewa. Wengine walielewa na hawakununua. Mzigo ukaanza kurudi Kamachumu kama ulivyoondoka.

Yalikuwa majuma mabaya kuliko yale ya kutapika, anakiri Avit. Dawa zilikuwa zinakwenda vizuri, lakini kazi ya mkewe ilikuwa inakufa mbele yake, na dawa ya kuiponya ilikuwa punje moja aliyokatazwa.

Aliyelimaliza jambo hili hakuulizwa. Asubuhi ya siku ya soko, Joviana alimkuta mama mkwe wake ameketi uani na gauni la kanisani, mkoba mapajani.

"Unakwenda wapi, mae?"

"Mjini. Si mnatafuta mdomo?"

Ma Celina hakuwa amefika Bukoba kwa miaka. Njia nzima alilalamika: barabara ni ndefu, dereva ni mtoto, Kemondo imekuwa kubwa bila kuulizwa mtu. Joviana, aliyekaa dirishani na limao lake puani, macho kwenye ziwa, anasema makelele yale yalimsaidia. Hakupata nafasi ya kutapika.

Pale kwa Hafidha bibi aliwekwa kwenye kiti chenye mto. Mteja alipofika, Joviana alifungua kifungu, Ma Celina akachukua punje ya kwanza, akaiweka kwenye ufizi, akafumba macho. Mteja akasubiri. Stendi nzima, anasema Hafidha, ilikuwa kama imesimama.

"Nzuri," bibi akatangaza. "Chukua."

Mwanamume mmoja alimuuliza kama si ngumu sana.

"Wewe na meno yote hayo unaniuliza mimi?"

Walicheka hadi wapiga debe. Mzigo uliisha kabla ya adhuhuri, na tangu siku hiyo Ma Celina huenda mjini kila wanapopeleka. Hafidha anasema wapo wanaokuja kununua ili watukanwe.

Joviana anamtazama mama mkwe wake kwa jicho la mtu anayejua deni lisilolipika. "Alinifundisha kuipika nikiwa mwari. Nilidhani amemaliza kunifundisha."

"Hujajua hata kuikoroga," anasema Ma Celina.

Leo uvimbe shingoni umebaki kama harage dogo, na daktari amemwambia huenda usiondoke wote. Gauni lililokuwa likimning'inia limeanza kumkaa. Kizunguzungu kinamjia akiharakisha, kichefuchefu kinamjia kwa mvuke. Akamwani ataijaribu tena atakapomaliza, mojamoja, baada ya chakula. "Itanifuata nyuma," anasema. "Mbele sitairuhusu tena."

Mpango wake ni kichanja. Anataka kuacha kuanika buni kwenye mikeka chini, maana kuinama ndiko kunakomwangusha, na aanike juu ya vichanja vinavyomfika kiunoni. Avit amekwisha kukata miti. Imelala kando ya nyumba, imechongwa, inangoja Joviana awe na nguvu ya kusimama siku nzima. Akiweza, anataka kuwafundisha na wanawake wawili wa jirani, ili mzigo uwe mkubwa na ufike mbali zaidi ya meza ya Hafidha.

Mpango wa pili alipewa na Annastella: kukaa kwenye benchi la kituoni siku za dawa, aongee na wanaoanza. Huo hakungoja amalize.

Wiki hii yuko hapo benchini, na kando yake yupo Ildefons, fundi mwashi wa umri wa makamo, mwezi wake wa kwanza. Ameshika mfuko wa dawa kwa vidole viwili, kama mtu aliyeshika panya mkiani.

"Unatafuna akamwani?" Joviana anamuuliza.

"Sitafuni kabisa. Sijawahi kuipenda."

Joviana anaonekana kukatishwa tamaa kidogo. "Asubuhi unakula nini?"

"Nameza dawa, napanda jukwaani kujenga. Tunakula saa nane. Juzi nikiwa juu nilishikwa na kizunguzungu, wakanishusha kwa kamba. Mama, sitaki kufa kwa kuanguka. Naziacha."

"Umemwambia sista habari ya jukwaa?"

"Hakuniuliza."

"Hawezi kuuliza kila kitu, yeye si mkeo. Utamwambia leo. Na jukwaani hupandi kwanza, utachanganya udongo chini na vijana wako watakucheka. Wacha wakucheke."

Ildefons anautazama mfuko. "Wewe umemaliza?"

"Bado."

Anatoa kikopo cha uji uliopoa, anakunywa kidogo, anampa na yeye. Anatoa vidonge vyake vya siku, anavimeza kwa maji, anakaa wima. Fundi anamwangalia koo.

"Sasa zako," anasema Joviana.

"Zikirudi?"

"Zikirudi tutamwita sista, tutamwonesha. Zisiporudi nina ndizi mbivu hapa."

Anameza, moja baada ya nyingine, uso umekunjamana. Wanakaa bega kwa bega, wakitazama ukutani kama watu wanaosubiri basi. Annastella anachungulia mlangoni, anawaona, anarudi ndani.

Baada ya muda Ildefons anashusha pumzi, ananyoosha mkono, anaomba ndizi.